Historia Iliyo Nyuma ya Tamthilia ya Nyimbo: Riwaya ya Tolstoy na Kisa cha Otenyo wa Gusii

1. Utangulizi

Mtunzi wa tamthilia ya nyimbo hupewa saa mbili au tatu tu, na katika muda huo hawezi kuibeba historia nzima jukwaani. Hana budi kukata kipande kimoja, akakivisha sauti na mwendo, kisha akaacha mengine yote nje ya pazia. Hayo yaliyoachwa nje ndiyo yaitwayo usuli: vita vilivyotangulia, kodi iliyotozwa, ng'ombe waliochukuliwa, watu waliokufa bila kutajwa. Hapana lawama katika kukata huko, kwani ndiyo desturi ya sanaa. Lakini linabaki swali ambalo wahakiki wa fasihi hawana budi kulijibu. Je, yale yaliyoachwa nje yanahifadhiwa wapi, na nani anayeyahifadhi?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuviweka pamoja visa viwili vilivyo mbalimbali kabisa. Cha kwanza ni tamthilia ya nyimbo iliyotolewa katika riwaya mashuhuri ya Kirusi, Vita na Amani ya Leo Tolstoy. Cha pili ni kisa cha Otenyo Nyamaterere na Moraa wa Ngiti, cha mwaka wa 1908 katika nchi ya Abagusii, magharibi mwa Kenya. Mwanafunzi wa Nyamache au wa Nyamira aghalabu hukutana na kisa hiki kwanza katika hadithi, wimbo na maigizo, kabla hajakutana nacho katika kitabu cha historia. Hoja ya makala ni kwamba visa hivi viwili vinatofautiana katika jambo moja kubwa: mtazamaji wa tamthilia ya Kirusi anaweza kurudi nyumbani akaifungua riwaya, hali mtazamaji wa kisa cha Otenyo hana riwaya ya namna hiyo ya kurudia. Kwake yeye usuli umo katika vinywa vya wazee, katika majalada ya watawala, na katika lugha ya Ekegusii yenyewe.

2. Riwaya ya Tolstoy na kipande kilichoimbwa

Tolstoy alizaliwa mwaka wa 1828, miaka 16 baada ya Napoleon kuingia Urusi. Kwa hiyo vita alivyovisimulia hakuviona kwa macho yake. Alisoma barua, kumbukumbu na vitabu vya historia, na mwaka wa 1867 akaenda mwenyewe kuukagua uwanja wa Borodino, palipopiganwa vita vikubwa Septemba 1812. Hapo kwanza alikuwa amekusudia kuandika juu ya waasi wa Desemba 1825 na kurudi kwao kutoka uhamishoni. Alipokitafuta chanzo cha watu hao alijikuta akirudi nyuma mwaka hata mwaka, mpaka akafika 1805. Riwaya ilianza kutolewa kwa sehemu mwaka wa 1865 na ikakamilika 1869.

Tamthilia ya nyimbo inayohusika hapa ni Natasha, Pierre & The Great Comet of 1812, kazi ya Mmarekani Dave Malloy. Ilionyeshwa kwanza New York mwaka wa 2012, ikafika Broadway, katika ukumbi wa Imperial, Novemba 2016, na ikamaliza maonyesho yake huko Septemba 2017. Malloy hakuichukua riwaya nzima. Alichagua sehemu ya tano ya juzuu ya pili, yapata kurasa 70 tu. Humo binti Natasha Rostova, aliyekwisha poswa na Andrei, anafika Moscow, anashawishiwa na kijana laghai Anatole Kuragin, anaivunja posa yake, na mwishowe anafarijiwa na Pierre. Kisha Pierre anatazama juu na kuiona nyota yenye mkia.

Katika kipande hicho vita havionekani. Andrei yuko mbali na mchumba wake, na jeshi la Napoleon bado halijauvuka mpaka; litauvuka Juni 1812. Hata hivyo kila neno la kipande hicho hupata uzito kwa sababu ya vita vinavyokuja. Mtazamaji anayejua kwamba mji huo wa karamu na michezo utateketea kwa moto kabla mwaka haujakwisha, huisikia nyimbo kwa sikio jingine. Asiyejua husikia kisa cha mapenzi tu.

Nyota yenyewe ni ushahidi mzuri wa jinsi sanaa inavyoitumia historia. Wanafalaki huiita Nyota Kubwa ya 1811, kwa kuwa iligunduliwa na Mfaransa Honoré Flaugergues mnamo Machi 1811 na ikang'aa zaidi mwishoni mwa mwaka huo. Tolstoy aliifungamanisha na mwaka wa 1812, kama walivyofanya watu wengi waliokuja kuihesabu kuwa ishara ya vita. Naye Malloy akaufanya mwaka huo wa riwaya kuwa sehemu ya jina la tamthilia. Hivyo kitu cha mwaka mmoja kimehamia mwaka mwingine, na wala hakuna aliyepotoshwa sana, kwa kuwa vitabu vipo na anayetaka anaweza kusahihisha.

Yafaa pia kukumbuka kwamba kila utunzi una usuli wa namna mbili: historia ya tukio linalosimuliwa, na historia ya wakati wa kutunga. Kabla ya Malloy, Sergei Prokofiev alikuwa ameigeuza riwaya hiyo hiyo kuwa opera. Aliianza mwaka wa 1941, mwaka ambao majeshi ya Ujerumani yaliivamia nchi yake. Basi alipokuwa akitunga nyimbo za uvamizi wa 1812, uvamizi mwingine ulikuwa mlangoni. Msomi anayeeleza opera hiyo kwa kutaja Napoleon peke yake ameeleza nusu tu.

3. Kisa cha 1908 kama kinavyosimuliwa

Kisa cha Otenyo, kwa jinsi kinavyosimuliwa na kuigizwa, ni kifupi. Mzungu mtawala amefika Getembe. Moraa, mwanamke mwaguzi, yaani omoragori, anawaona vijana wakinyamaza mbele ya udhalimu. Anawasuta, akiwaambia kwamba kama wanaume wameshindwa na mikuki, basi wanawake wataishika. Anampa Otenyo dawa ya kumlinda na risasi. Otenyo anajificha kando ya njia na kumchoma mkuki mtawala huyo. Mapokeo yanasema kwamba baadaye alikamatwa, akauawa, na kichwa chake kikapelekwa Uingereza. Mapokeo hayakubaliani juu ya uhusiano wa wawili hao: wengine humwita Otenyo mtoto aliyelelewa na Moraa, wengine humweka katika ukoo wake kwa namna nyingine.

Ni wazi kwa nini kisa hiki huwavutia watunzi. Kina mwanamke anayesema na kijana anayetenda. Kina silaha moja, adui mmoja na kifo kimoja. Tena kinaingia vizuri katika ala ya Abagusii, obokano, zeze kubwa la nyuzi nane ambalo sauti yake nzito hufuatana na masimulizi ya mashujaa na mambo ya kale. Lakini wepesi huo wa kisa ndio unaoficha mengi.

4. Yaliyoachwa nje ya jukwaa

Jambo la kwanza linaloachwa ni mpangilio wa miaka. Reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa Ziwa mwaka wa 1901. Mwaka uliofuata nchi za magharibi, pamoja na Gusii, zilitolewa katika Uganda na kutiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki ya Kiingereza. Mwaka wa 1905, kabla ya kuwako ofisi yoyote ya serikali katika milima hiyo, kikosi cha askari kilitumwa kuwaadhibu Abagusii. W. Robert Foran, ofisa wa polisi aliyeandika kumbukumbu za safari hizo, ameeleza jinsi bunduki ya rashasha ilivyofyatuliwa mfululizo hata ikawa karibu kuiva kwa moto, na jinsi mamia ya wapiganaji wa mikuki walivyoanguka. Ofisi ya Getembe ilifunguliwa mwaka wa 1907, naye G. A. S. Northcote akawekwa kuitawala. Basi mkuki wa Januari 1908 haukuwa mwanzo wa mapambano. Ulirushwa na watu waliokwisha kuijua rashasha miaka mitatu kabla.

Jambo la pili ni ng'ombe. Utawala mpya uliambatana na kodi, faini na kukamatwa kwa mifugo, na mapokeo pamoja na kumbukumbu za serikali huhusisha kuchomwa kwa Northcote na ng'ombe waliokuwa wakichukuliwa. Kwa Mgusii wa wakati huo ng'ombe hawakuwa mali ya kuhesabiwa tu. Ndio waliotoa mahari, na kwa hiyo ndio waliojenga nyumba na ukoo. Vijana walikaa katika ebisarate, yaani kambi za kulindia ng'ombe, ambazo pia zilikuwa shule ya vita. Serikali ilizivunja kambi hizo katika muongo wa 1910. Bila ya habari hizi, hasira ya Otenyo jukwaani huonekana kuwa hasira ya mtu mmoja mwenye moyo mkali, wala si hasira ya jamii inayoona msingi wake ukibomolewa.

Jambo la tatu ni kwamba Northcote hakufa. Alipona, akaendelea na kazi, akapanda vyeo hata akawa gavana wa Guiana ya Kiingereza na baadaye wa Hong Kong, kuanzia 1937 hadi 1941. Mchezo unaomwangusha na kumfunika pazia hupata mwisho mtamu, lakini hupoteza uchungu halisi wa kisa: aliyechomwa alipona, na waliokufa ni wengine.

Na hao wengine ndilo jambo la nne na kubwa kuliko yote. Baada ya tukio hilo askari wa KAR, wale walioitwa Keya, waliingia pamoja na polisi. Nyumba zilichomwa, nafaka ziliharibiwa, mifugo ilitekwa. Taarifa za simu zilipofika London, Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, aliandika Februari 1908 kwamba haipendi sauti ya taarifa hizo. Watu 160 walikuwa wamekwisha uawa, hali upande wa serikali haukupata hasara mpya. Alisema jambo hilo linafanana na uchinjaji, na kwamba haikuwa lazima kuendelea kuwaua watu wasio na kinga. Aliongeza kwamba Bunge likipata habari, mipango yote ya Afrika Mashariki itaharibika. Maneno hayo hayakutoka kwa rafiki wa Abagusii, bali kwa mtu aliyekubali kwamba waadhibiwe. Ndiyo sababu uzito wake kama ushahidi ni mkubwa. Na hata hivyo, katika maigizo mengi ya mashujaa, hao 160 hawana wimbo.

Hapa ndipo Tolstoy anapomfaa msomi wa Gusii. Katika kurasa za mwisho za Vita na Amani alipinga kwa nguvu wazo kwamba historia hutendwa na watu wakubwa wachache. Kwake yeye, nia za watu wasiohesabika ndizo zinazosukuma mambo. Kipimo hicho kikitumiwa kwa kisa cha 1908, Otenyo hapungui ushujaa. Huonekana tu kuwa mmoja katika kundi kubwa, na kundi hilo hudai kusikika.

5. Manabii na dawa

Moraa naye ana usuli wake. Kabla yake Abagusii walikuwa na Sakawa, nabii aliyetoweka mwanzoni mwa karne ya ishirini, ambaye wazee husimulia kwamba aliagua kuja kwa wageni na kuonyesha mahali watakapojenga. Baada yake likaja vuguvugu la Mumbo, lililoanzishwa na Onyango Dunde huko Alego mwaka wa 1913 na likaingia Gusii mwaka uliofuata. Septemba 1914 Wajerumani walipoufikia mji wa Kisii na watawala wakauhama kwa muda, watu walizivamia nyumba za serikali na za misheni, pamoja na Nyabururu na Nyanchwa. Basi Moraa asichukuliwe kuwa sauti ya pekee iliyotokea mara moja na kunyamaza. Yeye ni kiungo katika mnyororo wa uaguzi uliokuwa ukijibu maswali ya siasa kwa lugha ya dini.

Dawa ya kuzuia risasi nayo huwakumbusha wasomi wa Kiswahili habari za Maji Maji, 1905 hadi 1907. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka wa 1969, alikitumia kisa hicho kuuliza swali gumu juu ya imani inayowaunganisha watu na kuwaua papo hapo. Aliwatahadharisha wasomaji kwamba Kinjeketile wa jukwaani asichanganywe na mtu wa historia. Tahadhari hiyo haijawekwa kwa Moraa. Mara nyingi huachwa aseme maneno ambayo mtunzi amemtungia, na baada ya miaka michache maneno hayo hunukuliwa kana kwamba ndiyo aliyoyasema.

6. Ushahidi wa lugha

Kwa idara ya lugha, ghala lililo karibu zaidi kuhifadhi usuli huo ni Ekegusii. Mifano miwili itatosha.

Wa kwanza ni jina Nyarigoti, ambalo ndilo Abagusii walilompa Northcote. Mkusanyiko wa konsonanti katikati ya jina la Kiingereza umevunjwa kwa irabu, kama desturi ya lugha za Kibantu. Sauti k imekuwa g mbele ya silabi yenye t. Huku ni kufuata Kanuni ya Dahl, ile ile inayofanya neno kitabu liwe egetabu katika Ekegusii, na inayofanya mahali ambapo vitabu vya serikali viliandika Kitutu paitwe Getutu na wenyewe. Nalo jina limeanza na Nya-, mwanzo ulio wa kawaida katika majina ya nchi hiyo, kama Nyanchwa, Nyamira, na Nyamache yenyewe, jina lililofungamana na amache, yaani maji. Kwa njia hiyo mtawala alipewa jina linalofanana na ya wenyeji. Tamthilia inayomwita "Bwana Northcote" kutoka mwanzo hadi mwisho imelitupa jina ambalo midomo ya wakati ule ndiyo iliyolitengeneza.

Mfano wa pili ni Bosongo, jina jingine la mji wa Kisii. Nchi za koo za Abagusii hutajwa kwa kiambishi bo-: Abagirango hukaa Bogirango, Abamachoge Bomachoge, Abanchari Bonchari. Wageni weupe waliitwa Abasongo, na mahali pao pakawa Bosongo. Yaani sarufi iliwapanga katika safu ya koo, kama ukoo mmoja zaidi uliokuja kukaa kati ya wengine. Ukoo jirani unaweza kupiga vita, kulipa fidia na kupatana. Huenda jina hilo latuonyesha jinsi watu walivyoanza kuwaelewa wageni kabla ya kufahamu kwamba hawa hawakuja kuwa jirani bali kuwa mabwana. Neno "mji wa Kisii" katika tafsiri ya Kiswahili haliwezi kuibeba maana hiyo. Inafaa basi jina lenyewe liachwe lilivyo.

7. Nyamache na suala la umoja

Limebaki jambo moja linalowahusu hasa watu wa Nyamache. Mkuki wa 1908 ulirushwa upande wa Getutu, mbali na Bobasi. Wakati huo Abagusii hawakuwa na mtawala mmoja; kila sehemu ilikuwa na mambo yake, maadui wake na wazee wake. Bobasi imepakana na nchi ya Wamaasai, na kumbukumbu za vita katika sehemu kama hiyo haziwezi kuwa zile zile za watu waliokaa karibu na Getembe. Leo mwanafunzi wa Nyamache humwimba Otenyo kuwa shujaa wake, na ana haki hiyo. Lakini umoja anaouimba ulikamilishwa baadaye, na sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na mipaka ya wilaya, shule na uhuru wa 1963, taifa jipya lilipohitaji mashujaa kutoka kila upande wa nchi.

Huo ndio usuli wa kutunga, mfano wa ule wa Prokofiev. Kuutaja si kumvua Otenyo heshima. Ni kueleza kwa nini sauti ya "sisi" katika nyimbo za leo ni pana kuliko sauti ya "sisi" ya mwaka wa 1908.

8. Hitimisho

Imeonekana kwamba tamthilia ya nyimbo hukata, na kwamba ina haki ya kukata. Tamthilia ya Malloy inaweza kuacha nje uvamizi mzima wa Urusi bila ya hatari, kwa sababu kurasa zaidi ya elfu moja za Tolstoy zinaulinda. Kisa cha Otenyo hakina mlinzi wa namna hiyo. Kilichoachwa nje kwa miaka michache huweza kupotea kabisa, na jukwaa likabaki kuwa historia pekee.

Kwa hiyo kazi ya mwalimu na mtafiti ni kuliweka kando ya mchezo lile ghala lililokosekana. Masimulizi ya wazee wa Getutu na ya wazee wa Bobasi yaandikwe kwa Ekegusii, kila moja kama lilivyo, pamoja na yale yanayopingana, wala yasilainishwe yakawa simulizi moja. Majina kama Nyarigoti na Bosongo yaelezwe kabla ya kutafsiriwa. Taarifa za serikali zisomwe kando ya masimulizi hayo. Na kila mchezo uchapishwapo, utangulizi wake useme waziwazi ni maneno gani yametoka katika mapokeo na ni yapi yametoka kwa mtunzi. Hapo ndipo wale 160, ambao hesabu yao imehifadhiwa London na majina yao hayakuandikwa huko, watakapoweza kutafutwa katika koo zao, maadamu wangalipo watu waliosimuliwa habari zao na waliowafahamu.